Tunaabudu vyeti na kuipuuza elimu iliyo mlangoni

Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) ilitoa ripoti iliyowashtua wengi. Ukaguzi wa vyeti vya masomo vya wafanyakazi wa umma ulibaini kwamba zaidi ya vyeti 2,000 vilikuwa bandia. Wapo walioajiriwa na kupandishwa vyeo kwa nguvu ya karatasi za uongo. Majina yakapelekwa kwa wapelelezi, na serikali ikasema kuwa wahusika watadaiwa mishahara waliyolipwa.

Ninakubaliana na wote waliotaka sheria ifuate mkondo wake. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo sikulisikia katika mjadala ule, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Yawaje mtu ahiari kununua cheti cha taaluma asiyoijua, ilhali taaluma yenyewe, pamoja na mihadhara, vitabu na mazoezi yake, imewekwa wazi katika mtandao wa intaneti kwa yeyote atakaye kujifunza bila malipo? Jawabu, kwa maoni yangu, ni kwamba tumefunzwa tangu utotoni kutafuta karatasi. Elimu yenyewe tumeifanya kuwa njia tu ya kuifikia karatasi hiyo, na njia ikipatikana fupi zaidi, wenye tamaa huifuata.

Yafaa kwanza tueleze hazina hii ni ipi. Mnamo Aprili 2001, chuo cha Massachusetts Institute of Technology (MIT) nchini Marekani kilitangaza kwamba kitaweka katika intaneti maandishi ya kufundishia ya karibu masomo yake yote, na kwamba mtu yeyote duniani ataruhusiwa kuyasoma bila kulipa hata senti moja. Wakati ule vyuo vingine vilikuwa vikitafuta mbinu za kuuza masomo kwa njia iyo hiyo. Masomo 50 ya kwanza yalitolewa mwaka 2002. Leo yamepita 2,500. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilifuata mwaka 2006 kwa mpango wake uitwao OpenLearn, na Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2007. Salman Khan, aliyeanza mwaka 2004 kwa kumfunza binamu yake hesabu kutoka mbali, aliunda shirika la Khan Academy ambalo masomo yake sasa hufuatwa na mamilioni ya watu.

Kisha ikaja mwaka 2011. Walimu wawili katika Chuo Kikuu cha Stanford, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungua somo lao la akili unde kwa umma. Watu wapatao 160,000 walijiandikisha, idadi ambayo hakuna ukumbi wowote duniani ungeweza kuipokea. Mwaka uliofuata zikazaliwa Coursera na edX, na kukawa na shangwe kwamba vyuo vikuu vya kawaida vimefikia kikomo. Shangwe hiyo ilizidi kiasi, kama nitakavyoeleza, lakini mlango uliofunguliwa haukufungwa tena.

Kwa miaka kadhaa sasa nimezoea kutenga saa moja ya usiku kwa ajili ya masomo haya. Nimemsikiliza Gilbert Strang wa MIT, aliyestaafu mwaka 2023 baada ya kufundisha huko kwa zaidi ya miaka 60, akieleza hesabu kwa upole wa babu anayemwelekeza mjukuu. Nimefuatilia mihadhara ya Donald Kagan wa Yale kuhusu historia ya Wagiriki wa kale. Nilipofika mahali panapohusu jinsi raia wa Athens walivyowateua wengi wa maafisa wao kwa kura ya bahati nasibu, na jinsi kila afisa alivyolazimika kutoa hesabu ya fedha za umma alipomaliza muhula wake, sikuweza kujizuia kuwaza ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hapa kwetu na vumbi linalozifunika kila mwaka. Hakuna aliyenipa cheti kwa hayo, wala mshahara wangu haukuongezeka. Nilichopata ni jicho jingine la kuitazamia nchi yangu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye nafasi, na kwamba mtu mzima kusoma kwa ajili ya kujua tu ni anasa. Wasemao hivyo hawaijui historia yetu wenyewe. Katika miji ya pwani, kwa karne nyingi, darsa za misikitini zimekuwa zikitolewa baina ya sala ya Magharibi na ya Isha, na wanaohudhuria ni watu wazima waliotoka dukani, baharini na shambani. Hawalipi karo wala hawafanyi mtihani. Habib Swaleh, aliyetoka Visiwa vya Komoro na ambaye Msikiti wa Riyadha wa Lamu unahusishwa naye hadi leo, alipata sifa kwa kuwafunza hata wale waliodharauliwa kwa sababu ya asili yao. Huo ulikuwa ufunguaji wa elimu kwa wote kabla ya waya wowote wa umeme kufika Lamu.

Kadhalika tumewahi kuwa na bidii ya kitaifa katika jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1978, Rais Daniel arap Moi alitangaza kampeni ya kuondoa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, na mwaka 1979 ikaundwa idara maalum ya elimu ya watu wazima. Wazee wetu wakamiminika katika madarasa ya ngumbaru, chini ya miti na makanisani, wakishika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Lengo lilikuwa kuumaliza ujinga katika muda wa miaka mitano. Halikutimia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima nchini hawakuwa na uwezo wa kutosha wa kusoma na kuandika. Na kwa bahati mbaya, neno lenyewe 'ngumbaru' likageuzwa kuwa la mzaha. Mtu akikosea kusoma barua ofisini huambiwa arudi ngumbaru.

Mzaha huo ulipata jibu Januari 2004. Mzee Kimani Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, alivaa sare na kujiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa kuwa ya bure mwaka mmoja kabla. Alitaka aweze kujisomea Biblia mwenyewe. Hakuwa akitafuta kazi, wala hapakuwa na mwajiri aliyekuwa akimngojea. Mwaka 2005 alisimama jijini New York kutetea elimu ya bure mbele ya ulimwengu. Alifariki mwaka 2009, na sijui kama tumemwenzi ipasavyo kwa kuufuata mfano wake.

Kuna methali tunayoipenda mno: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli kwa malezi ya watoto, lakini tumeifanya kisingizio cha watu wazima. Mwenye umri wa miaka 40 akishauriwa ajifunze jambo jipya, hujibu kwamba yeye amekwisha kauka. Mtu huyo huyo alijifunza kutuma pesa kwa simu akiwa amepita miaka 30, na leo hakuna wa kumdanganya hata shilingi moja. Tunapoona faida, hukunjika bila shida.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Julius Yego. Katika nchi inayojua mbio na kusahau kwamba kuna michezo mingine uwanjani, Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa wa Ulaya katika intaneti. Mwaka 2015 huko Beijing akarusha mita 92.72 na kuwa Mkenya wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia katika mchezo usio wa mbio. Mwaka uliofuata akapata nishani ya fedha katika Olimpiki ya Rio de Janeiro. Lakini tusikisimulie kisa hiki nusu. Kabla ya kufika Beijing, Yego alikwenda pia Finland kufanya mazoezi chini ya kocha. Video zilimfikisha mahali ambapo kipaji chake kilionekana. Kutoka hapo alihitaji jicho la mwalimu wa kumwambia mguu umekosea wapi. Huo ndio ukweli wa elimu ya mtandaoni: huanzisha safari, ila ni nadra kuikamilisha peke yake.

Nalo swali la kukamilisha ndilo silaha kubwa ya wanaoibeza elimu hii. Mwaka 2019, jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu masomo ya MIT na Harvard yaliyotolewa kupitia edX. Ulionyesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, ni karibu asilimia 3 tu ya waliojiandikisha waliofika mwisho. Zaidi ya nusu hawakuingia hata mara moja katika somo walilojiandikishia.

Takwimu hizi si za kupuuzwa, lakini nadhani zinapimwa kwa kibaba kisichofaa. Mtu akiingia maktaba, akafungua vitabu vitano na kusoma kurasa kumi za kila kimoja, hatusemi kwamba ameshindwa mara tano. Tunasema amepata alichokitaka. Mkulima anayetaka kujua kwa nini majani ya mahindi yake yanageuka manjano atasikiliza mihadhara miwili kuhusu udongo, kisha atarudi shambani. Kwa hesabu za vyuo, huyo ni mwanafunzi aliyeacha masomo. Kwa hesabu za shamba lake, amefaulu.

Linaloniudhi mimi ni jambo jingine lililodhihirika katika utafiti huo: wengi wa walionufaika walikuwa tayari na elimu, na walitoka katika nchi tajiri. Mlango ulifunguliwa kwa wote, lakini walioingia kwa wingi ni wale ambao tayari walikuwa na milango mingine. Hapa ndipo tunapopaswa kuliangalia neno 'bure' kwa makini.

Somo lenyewe ni la bure, lakini njia ya kulifikia ina ada. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, tuliambiwa kwamba intaneti itakuwa rahisi kama maji. Sensa ya mwaka 2019, miaka kumi baadaye, ilionyesha kwamba waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Mijini walikuwa asilimia 42.5, mashambani asilimia 13.7. Idadi imeongezeka tangu hapo, lakini mama wa kibandani anayenunua data ya shilingi 20 hawezi kuimaliza kwa mhadhara mmoja wa saa nzima. Atasoma jumbe za chama chake na kuizima simu. Huyo hana uvivu wa akili. Amepiga hesabu ya unga.

Tena, cha bure cha mwenzio hakina mkataba nawe. Kampuni nyingi zilizoanza kwa kutoa kila kitu bila malipo sasa hutoza ada kwa vyeti na, mara nyingine, kwa mitihani na mazoezi. Mwaka 2021 edX, iliyoundwa na vyuo viwili bila nia ya faida, iliuzwa kwa kampuni ya kibiashara iitwayo 2U kwa dola milioni 800. Julai 2024 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Taifa linalotegemea ukarimu wa mbali kuwasomesha raia wake linajenga nyumba katika kiwanja cha kukodi.

Kisha kuna suala la lugha. Masomo yaliyo mengi na bora zaidi yapo kwa Kiingereza. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu mwaka 2022 dunia nzima huadhimisha siku ya Kiswahili tarehe 7 Julai, na sisi hupanda majukwaani kukisifu. Lakini fundi wa Kongowea anayetaka kuelewa jinsi mkondo wa umeme unavyofanya kazi, au jinsi riba ya mkopo inavyokokotolewa, atapata wapi mfululizo wa mihadhara iliyopangwa vizuri kwa lugha anayoiotea ndoto? Vyuo vikuu vyetu vya umma hulipiwa na kodi ya fundi huyo. Vina walimu hodari wa kilimo, sheria, uhandisi na fasihi. Sioni sababu ya mihadhara yao kubaki ndani ya kuta nne, isikilizwe na wanafunzi 200, kisha ipotee hewani.

Wala sisemi kwamba hakuna lililofanywa. Nairobi imekuwa makao ya Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni, kilichoanza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia. Agosti 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati rasmi na kuwekwa Konza. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini chuo hicho kimeundwa kwa ajili ya wanaotafuta shahada na wanaolipa karo. Raia anayetaka kujua tu bado hajafikiriwa. Na kwamba taasisi ya umma inaweza kumfikiria, ushahidi tunao: Baraza la Kitaifa la Uchapishaji wa Sheria huweka sheria zetu zote na hukumu za mahakama mtandaoni, na mtu yeyote huzisoma bila malipo. Lililowezekana kwa sheria laweza kuwezekana kwa sayansi.

Huenda msomaji akauliza: kuna hasara gani kubwa raia wasipojua haya? Namjibu kwa kumkumbusha Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa waraka mgumu wa kisheria ambao kwa kawaida husomwa na wahasibu na mawakili. Safari hii vijana waliusambaza kwa simu, wenye ujuzi wakaueleza kifungu kwa kifungu bila kulipwa, na wengine wakautafsiri kwa lugha za nyumbani. Dobi na mhudumu wa bodaboda wakawa wanajadili kodi ya ziada ya thamani ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa magari. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bunge, na damu ya Wakenya ikamwagika. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia mswada huo sahihi.

Kila mtu ana maoni yake kuhusu matukio yale, na waliopoteza watoto wao wana machungu ambayo makala haya hayawezi kuyaponya. Lakini jambo moja halina ubishi. Kwa majuma machache Kenya iligeuka darasa moja kubwa la watu wazima, lisilo na karo, usajili wala cheti. Watawala hawakulizoea darasa hilo, maana raia anayeelewa hesabu huuliza maswali ambayo hayajibiwi kwa hotuba. Hiyo ndiyo thamani ya elimu ya udadisi. Hatari ni kwamba tulisoma kwa sababu nyumba ilikuwa ikiungua. Laiti tungelikuwa tumezoea kusoma kabla ya moto, tungeweza kuuliza maswali hayo mapema, Bungeni na katika mabaraza ya kaunti, pasipo mtu kupoteza maisha.

Ni kweli pia kwamba mtandao huo huo umejaa walaghai. Kila mwenye kamera hujiita daktari au mshauri wa fedha, na siku hizi mashine zinazojibu maswali hutunga uongo kwa lugha fasaha kuliko mwalimu mkuu. Hiyo si hoja ya kuukimbia. Asiyewahi kusoma somo moja kwa utaratibu, kuanzia msingi wake, ndiye anayedanganywa kwa wepesi na video ya dakika mbili.

Nini basi kifanyike? Chini ya Katiba, maktaba ni jukumu la kaunti. Magavana wanaoshindana kujenga malango ya miji wangeweza kuweka intaneti isiyolipiwa katika kila maktaba, na kuiacha wazi hadi saa tatu usiku, wakati watu wametoka kazini. Walimu wa elimu ya watu wazima, ambao wizara imewasahau, wafunzwe kuongoza vikundi vya wanaojisomea mtandaoni, kwa kuwa kisa cha Yego kimetuonyesha haja ya jicho la mwalimu. Vyuo vikuu vya umma vitakiwe kutoa kila mwaka idadi fulani ya mihadhara ya bure kwa Kiswahili. Nao waajiri, ikiwemo serikali, wampime mtu kwa kazi aiwezayo kabla ya kutazama karatasi. Siku kipimo hicho kitakapotumika, biashara ya vyeti bandia itakosa wateja.

Lakini tusiingojee serikali kwa yote. Vyama vyetu vya akiba hukutana kila mwezi. Hakuna sheria inayovizuia kutenga nusu saa kwa mhadhara mmoja uliopakuliwa na mwanachama mmoja kwa niaba ya wote, ukasikilizwa na kujadiliwa. Data ya mmoja itawatosha ishirini. Anayejisomea peke yake na achague somo moja tu, awe na saa maalum, na aandike kwa mkono wake alichokielewa. Bandu bandu huisha gogo.

Mzee Maruge alitembea kwa mkongojo hadi shuleni akiwa na miaka 84. Wengi wetu shule tunayo mfukoni, na tunaitumia kutazamia vichekesho hadi usingizi utuchukue. Serikali ina deni lake katika jambo hili, na nimelitaja. La kwetu tunaweza kuanza kulilipa usiku wa leo.